Cheo Kabla ya Jinsia: Njinga wa Ndongo na Watawala Wanawake wa Afrika katika Sinema

1. Utangulizi

Mwezi wa Februari 2023 kampuni ya Netflix ilitoa mfululizo wa vipindi vinne juu ya maisha ya Njinga Mbande, aliyetawala Ndongo na Matamba katika karne ya 17, ndani ya nchi ambayo leo inaitwa Angola. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2013, Angola yenyewe ilikuwa imetoa filamu Njinga, Rainha de Angola, iliyoongozwa na Sérgio Graciano, ambamo Lesliana Pereira alicheza nafasi ya mtawala huyo. Mwaka 2022 ilitokea Marekani filamu The Woman King, juu ya askari wanawake wa Dahomey. Na kabla ya zote hizo, mwaka 1986, Med Hondo, mzaliwa wa Mauritania, alikuwa amekwisha kutoa Sarraounia, filamu juu ya mtawala mwanamke wa Waazna wa Niger aliyekabiliana na jeshi la Wafaransa mwaka 1899.

Kwa hiyo haifai tena kulalamika kwamba sinema imewasahau watawala wanawake wa Afrika. Swali limegeuka. Zamani iliulizwa kama wangeonyeshwa. Sasa yafaa kuuliza: wakionyeshwa, kinachoonekana ni nini? Je, ni mtawala, yaani mtu mwenye cheo, anayeamua mambo na kubeba lawama za maamuzi yake? Au ni mwanamke shujaa tu, aliyevikwa taji ili apendeze machoni?

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba mtawala mwanamke haonekani vema katika sinema mpaka cheo chake kitangulie jinsia yake. Cheo kina jina lake, kina kiti chake, kina sheria zake na kina makosa yake. Filamu inayoondoa mojawapo ya hayo, hata ikiwa kwa nia njema, humpunguzia mhusika wake utawala ule ule inaotaka kuusifu. Jambo hili linawahusu hasa watu wa taaluma ya Kiswahili, kwa sababu filamu hizo zikiwafikia wasemaji wa Kiswahili hupita katika mlango mwembamba wa neno moja, nalo ni malkia. Mfano mkuu utakaochunguzwa ni Njinga. Sarraounia na The Woman King zitatajwa kwa kulinganisha, na mwishoni hoja itarudishwa nyumbani, kwa Ruwej wa Walunda.

2. Nani aliyesema kwanza?

Kabla ya kumhukumu mwongozaji wa filamu, hapana budi kutazama alichokikuta mezani. Njinga alizaliwa karibu na mwaka 1582, akafariki tarehe 17 Desemba 1663 akiwa na umri wa miaka themanini hivi. Baba yake alikuwa mtawala wa Ndongo. Alipofariki baba huyo mwaka 1617, kaka yake Njinga alishika utawala; naye kaka alipofariki mwaka 1624, Njinga akatwaa madaraka. Tangu hapo hadi kifo chake alipigana na Wareno, akapatana nao, akawageuka, akapatana nao tena. Alipofukuzwa Ndongo aliiteka Matamba yapata mwaka 1631 na kuifanya makao yake. Waholanzi walipoiteka Luanda mwaka 1641 alifungamana nao, mpaka Wareno waliporudi mwaka 1648.

Karibu habari zote hizo zimefika kwa mikono ya wageni. Zipo barua na taarifa za magavana wa Kireno, waliokuwa adui zake. Ipo historia ya vita iliyoandikwa na Cadornega, askari wa Kireno aliyeishi Angola miaka mingi. Vipo vitabu vya mapadri Wakapuchini wa Italia: kile cha Antonio da Gaeta, kilichochapishwa Napoli mwaka 1669, na kile cha Giovanni Antonio Cavazzi, kilichochapishwa Bologna mwaka 1687. Cavazzi alimfahamu Njinga katika miaka yake ya mwisho. Lakini alifika Angola mwaka 1654, na mengi anayoyasimulia yalitokea zamani kabla ya kufika kwake.

Kila mmoja wa waandishi hao alikuwa na shabaha yake. Gavana alitaka kuonyesha kwamba adui yake hakuwa mtawala halali, bali mnyang'anyi. Padri alitaka kuonyesha muujiza: kadiri mwanamke huyo alivyoelezwa kuwa katili na mpotovu hapo mwanzo, ndivyo uongofu wake wa mwaka 1656 ulivyozidi kung'aa. Kwa hiyo ukatili uliongezwa chumvi, na uchaji vilevile. Waandishi wa Ulaya waliofuata walichukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Mwaka 1769 Castilhon alitoa Ufaransa riwaya juu ya Zingha, na mwaka 1795 Sade alimtaja kama kielelezo cha mwanamke anayeua kwa kutafuta raha. Katika karne ya 19 ilienea Ufaransa picha yake ya kubuni, ziwa moja likiwa wazi, na picha hiyo ingali ikinakiliwa hata leo kana kwamba mchoraji alikaa mbele yake.

Karne ya 20 ilipindua sura hiyo. Wapigania uhuru wa Angola walimfanya Njinga mama wa taifa, na mwaka 2002 sanamu yake ilisimamishwa Luanda. Wanahistoria nao, kama Joseph Miller, John Thornton na Linda Heywood, walianza kumwuliza maswali ambayo huulizwa mtawala yeyote: alipataje uhalali? Alimtegemea nani? Alilipia jeshi lake kwa nini?

Basi mwongozaji wa filamu anakuta mezani sanamu tatu: zimwi, mtakatifu na mama wa taifa. Zote tatu zina kasoro moja. Hakuna hata moja inayohitaji kueleza jinsi mtu anavyotawala.

3. Kiti na mgongo

Tukio linalopendwa kuliko yote katika maisha ya Njinga ni lile la Luanda, mwaka 1622. Kaka yake alimtuma kwa gavana João Correia de Sousa ili kufanya mapatano. Kama asimuliavyo Cavazzi, gavana alikuwa ameketi juu ya kiti chake, na mgeni alikuwa ametandikiwa zulia na mto sakafuni. Njinga alipoona hivyo alimwashiria mmoja wa wahudumu wake wa kike. Mhudumu akapiga magoti na mikono chini, naye Njinga akaketi juu ya mgongo wake, akazungumza na gavana macho kwa macho. Mazungumzo yalipokwisha aliondoka na kumwacha mhudumu pale pale. Alipoulizwa, alijibu kwamba mjumbe wa mfalme mkubwa haketi mara mbili juu ya kiti kimoja.

Kitabu cha Cavazzi kiliambatana na picha ya tukio hilo, na mfululizo wa mwaka 2023 haukuweza kuliacha. Si ajabu. Tukio hilo limekaa kama lililotengenezwa kwa ajili ya kamera: chumba kimoja, kiti kimoja, tusi lisilotamkwa na jibu lisilotamkwa.

Lakini tukio hilo lina wanawake wawili, na hapo ndipo filamu hupimwa. Kamera ikitazama uso wa Njinga peke yake, mtazamaji huona mwanamke Mwafrika aliyekataa kudharauliwa na mwanamume Mzungu. Maana hiyo ni ya kweli, lakini haikutosha. Kamera ikishuka kidogo na kukaa juu ya mgongo wa yule mhudumu, maana ya pili inajitokeza: huyu ni mtu wa nasaba ya kitawala, ambaye anaweza kumgeuza mtu mwingine kiti bila kufungua kinywa. Gavana alimtendea kama mtu wa chini. Yeye akathibitisha kwamba si wa chini kwa kumwonyesha gavana nani aliye chini yake. Hakupinga kuwapo kwa ngazi. Alipinga kuwekwa kwenye daraja isiyo yake.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1622 Njinga hakuwa bado mtawala. Alikuwa mjumbe. Heshima aliyoidai haikuwa ya nafsi yake. Ilikuwa ya cheo cha kaka yake aliyemtuma. Filamu inayomwonyesha kama malkia katika chumba kile inapoteza jambo lenye uzito zaidi: kwamba alijua itifaki ya utawala, akaitetea, kabla utawala haujawa wake.

4. Cheo na neno

Hapa lugha inaingia. Watawala wa Ndongo walikuwa na cheo cha ngola, na ni kutokana na cheo hicho Wareno waliiita nchi nzima Angola. Kimbundu, lugha ya Ndongo, ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Kama Kiswahili, upatanisho wake wa kisarufi haubagui mwanamume na mwanamke: kiambishi kile kile humsimamia baba na mama, mtumwa na bwana. Kwa hiyo neno ngola lenyewe halisemi kama aliyeketi ni wa jinsia gani. Shida ya Njinga haikuwa katika sarufi; ilikuwa katika desturi na katika madai ya wapinzani wake, waliosema kwamba mwanamke hana haki ya kuketi hapo. Wareno walilichukua dai hilo kwa furaha na kumweka mtu wao, Ngola Hari, katika utawala wa Ndongo.

Jibu la Njinga lilikuwa la ajabu, nalo limeandikwa. Taarifa ya afisa mmoja Mholanzi aliyehudumu kwake katika miaka ya 1640, iliyochapishwa na Olfert Dapper mwaka 1668, inasema kwamba alivaa mavazi ya kiume, aliongoza vita mwenyewe, na aliweka vijana wa kiume ambao aliwavika mavazi ya kike na kuwaita wake zake, huku yeye akijihesabu kuwa mwanamume. Waandishi wa Ulaya waliliona jambo hilo kuwa upotovu. Wanahistoria wa baadaye waliliona kuwa hoja ya kisiasa: kama cheo kinadai mwanamume, basi mwenye cheo ni mwanamume, na nyumba yote ipangwe kufuatana na cheo hicho. Hata hivyo, barua zake kwa Wareno zilitumia jina lake la ubatizo, Ana, pamoja na neno la Kireno la malkia, kwa sababu hilo ndilo neno lililoeleweka Lisbon. Mtu huyu alijua kuchagua neno kulingana na msikilizaji.

Tazama sasa yanayotukia katika sinema. Filamu ya mwaka 2013 inasema Rainha. Mfululizo wa mwaka 2023, ulioigizwa kwa Kiingereza, una neno la malkia katika jina lake la jumla. Kifaransa, Kireno na Kiingereza hulazimisha msemaji kuchagua jinsia kila anapotaja cheo, na hata kila anapotumia kiwakilishi. Kwa hiyo mhusika anaitwa mwanamke mara elfu kabla hajatoa amri ya kwanza.

Kiswahili hakina ulazima huo katika sarufi. Msimulizi anaweza kusema «Ngola akaamuru, jeshi likavuka mto», na msikilizaji hatasikia jinsia popote. Lakini Kiswahili kina udhaifu wake katika msamiati. Malkia ni neno lililotoka katika Kiarabu, na kamusi hulieleza kwa maana mbili: mwanamke anayetawala, na mke wa mfalme. Maana hizo mbili hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni cheo, ya pili ni ndoa. Lugha za jirani zimekuwa makini zaidi. Kinyarwanda, kwa mfano, humwita mke wa mfalme umwamikazi, na mama mzazi wa mfalme, ambaye alishiriki utawala, umugabekazi. Mtu akizifasiri zote mbili kwa neno malkia, amefuta katiba nzima ya ufalme kwa neno moja.

Waswahili wa pwani nao walikuwa na njia nyingine. Wanawake waliotawala miji yao hukumbukwa kwa jina la heshima la Mwana: Mwana Khadija wa Pate katika karne ya 18, na kabla yake Mwana Fatuma wa Unguja, mwishoni mwa karne ya 17. Neno hilo lilitaja nasaba na adabu, wala halikumfunga mtawala huyo kwa mume.

Jambo hili si mchezo wa wanaisimu. Katika Afrika Mashariki upo ufundi wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti ya msimulizi ikipanda juu ya sauti za waigizaji. Msimulizi hana muda wa kufungua kamusi. Akisikia neno la kigeni la malkia atasema malkia, na mtazamaji aliyekosa dakika tano za mwanzo atauliza: mfalme mwenyewe yuko wapi? Swali hilo dogo linatosha kuubomoa utawala wote wa Njinga. Ingalimgharimu msimulizi neno moja tu kusema Ngola, na kuliacha cheo katika lugha yake.

5. Mzigo wa utawala

Jambo la pili ambalo sinema huliogopa ni lawama. Njinga alikuwa akishindana na Wareno juu ya nchi, juu ya watu na juu ya biashara ya watumwa pia. Alijiunga na majeshi ya Waimbangala, watu wa vita waliojulikana kwa ukali wao, akashika desturi zao ili apate askari. Vita vyake vilileta mateka, na mateka waliuzwa. Dada yake Kambu alikuwa mikononi mwa Wareno tangu mwaka 1646. Dada yake mwingine, Funji, aliuawa nao mwaka uliofuata. Mapatano ya mwaka 1656, yaliyomrudisha Kambu nyumbani, yalilipiwa kwa watumwa na kuacha njia ya biashara hiyo wazi.

Mwongozaji afanye nini na habari hizo? Zipo njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kuzitumia kama walivyozitumia wageni wa karne ya 17 na 18, ili kusema: tazameni, walikuwa wakatili wao kwa wao. Ya pili ni kuzificha. The Woman King ilichagua njia iliyo karibu na hiyo ya pili. Hadithi yake imewekwa katika mwaka 1823, chini ya mfalme Ghezo, na jemadari wa kubuni, Nanisca, aliyechezwa na Viola Davis, anamsihi mfalme aache kuuza watu na kugeukia mafuta ya mawese. Filamu haikuficha kwamba Dahomey iliuza watu. Lakini ilimpa shujaa wake dhamiri ambayo dola yenyewe haikuonyesha kwa matendo. Ghezo aliendelea na biashara hiyo miaka mingi. Alitia sahihi mapatano ya kuiacha mwaka 1852, baada ya manowari za Waingereza kuzuia pwani yake, na hata hivyo akairudia baadaye.

Kumtakasa mtawala ni kumtoa katika utawala. Mfalme mwanamume katika sinema huruhusiwa kuwa mkubwa na mwenye hatia kwa pamoja. Hakuna anayedhani kwamba ukubwa wake umefutwa kwa vita alivyovianzisha. Mwanamke hudaiwa awe msafi ndipo aitwe mkubwa. Huo ni ubaguzi uliovaa nguo za sifa. Aliyeamua kumkomboa dada yake kwa watu wengine alifanya uamuzi wa kutisha, na ulikuwa uamuzi wa mtawala: alipima kilicho chake na kisicho chake, akalipa kwa maisha ya wasio na sauti. Filamu inayoweza kumwonyesha Kambu akirejea kwa shangwe, na katika picha hiyo hiyo ikaonyesha safu ya watu wanaoondoka kwa minyororo, itakuwa imesema juu ya karne ya 17 zaidi ya hotuba nyingi.

Haki haidaiwi kwa ajili ya Njinga peke yake. Watu wale waliofungwa walikuwa Waafrika pia, nao hawana sanamu mjini Luanda. Kuwaondoa katika picha ili mtawala apendeze ni kuwauza mara ya pili.

6. Sarraounia, au cheo kilichogeuka jina

Kwa kulinganisha, inafaa kuitazama tena filamu ya Med Hondo. Ilitokana na riwaya ya Abdoulaye Mamani, mwandishi wa Niger, iliyotoka mwaka 1980. Filamu ilipigwa Burkina Faso, na katika tamasha la FESPACO la mwaka 1987 mjini Ouagadougou ilipata tuzo kuu. Nafasi ya mtawala ilichezwa na Aï Keïta.

Msingi wa habari ni wa kweli. Mwaka 1899 kikosi cha Wafaransa, chini ya makapteni Voulet na Chanoine, kilipita katika nchi hizo kikichoma vijiji na kuua watu wengi. Tarehe 16 Aprili kilipigana na watu wa Lougou, waliokuwa na mtawala wao mwanamke. Yeye hakushinda vita vya siku hiyo. Aliondoka na watu wake kuingia msituni, na Wafaransa walikuta mji mtupu.

Jina la filamu lafaa kuangaliwa. Sarraounia si jina la mtu. Katika Kihausa ni cheo, cha kike kwa cheo cha sarki, yaani mfalme. Hapa, kinyume cha Kimbundu, lugha yenyewe inataja jinsia. Lakini inataja cheo pia, na filamu haikutafuta jina jingine la mhusika wake lililo tamu zaidi. Kila anapoitwa, utawala wake unaitwa.

Hondo hakumwacha mtawala wake peke yake mbele ya kamera. Sehemu kubwa ya filamu imetolewa kwa kikosi cha Wafaransa na kwa watawala majirani: huyu anafurahi kwamba Waazna watapigwa, yule anahesabu faida yake, mwingine anasitasita. Mtazamaji anapata kuelewa kwamba kutawala ni kufanya hesabu miongoni mwa watawala wengine. Na ushindi wake mkubwa katika filamu si upanga. Ni uamuzi wa kuacha ngome. Mtawala anayekubali kupoteza mji ili asipoteze watu amefanya jambo gumu kuliko kupiga mbio juu ya farasi, ingawa farasi hupendeza zaidi katika picha.

Filamu hiyo nayo ina mapungufu yake. Waigizaji wanasema Kijula na Kifulani pamoja na Kifaransa, wala si Kihausa cha watu wa Lougou. Lakini kuwaacha watawala wa Kiafrika waseme lugha za Kiafrika, na Wafaransa waseme Kifaransa, kulimpa mtazamaji kitu ambacho mfululizo wa Kiingereza hauwezi kumpa: alisikia kwa masikio yake kwamba pale palikutana serikali mbili, si mabwana na washenzi.

7. Ruwej na lukano

Hoja hizi zina kazi ya kufanya nchini Kongo pia. Mapokeo ya Waimbangala wa Kasanje, majirani na mahasimu wa Njinga, yanamtaja Kinguri kuwa mwanzilishi wao, mtu aliyetoka mashariki, katika nchi ya Walunda. Mapokeo ya Walunda wenyewe yanaeleza kwa nini alitoka. Baba yake, Nkond, aliwakasirikia wanawe wa kiume kwa utovu wao wa adabu, akampa bangili ya utawala, yaani lukano, binti yake Ruwej. Baadaye Ruwej aliolewa na Chibind Yirung, mwindaji wa kifalme kutoka Uluba, na lukano ikapita mikononi mwa mume huyo. Ndugu walikataa kumtii mgeni, wakaondoka.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mapenzi: binti mzuri, mwindaji mgeni, pete ya ndoa. Mtu akiitia katika sinema kwa namna hiyo, atapata filamu nzuri ya harusi na atapoteza dola. Lukano si pambo la bibi arusi. Ni cheo kilichosukwa kwa mishipa. Swali la filamu lingekuwa: Ruwej alipoitoa, alitoa nini na alibakiza nini? Jibu lipo katika mpangilio wa baraza la Musumba, ambako cheo cha Nswan Murund kinaendeleza nafasi ya Ruwej, na cheo cha Rukonkesh kinasimama kama mama wa Mwant Yav. Wenye vyeo hivyo hawaitwi wake za mfalme. Mtafsiri atakayewaita wote malkia atakuwa ameifuta kazi ambayo mapokeo yameilinda kwa karne nyingi.

Pasipo na filamu, kalamu ya mchoraji imekwisha kuonyesha kwamba kazi inawezekana. Kitabu cha picha juu ya Njinga, kilichotolewa na UNESCO mwaka 2014, kilichorwa na Pat Masioni, mzaliwa wa Kongo. Vijana wanaosoma picha hizo hawahitaji kuambiwa kwamba historia ya Angola na ya Kongo zimepakana.

8. Hitimisho

Mwaka 2023, mwezi wa Mei, mfululizo ule ule wa Netflix uliendelea kwa vipindi juu ya Cleopatra, na ugomvi mkubwa ulizuka Misri juu ya rangi ya ngozi ya mwigizaji. Wengi walizungumza juu ya ngozi; wachache walizungumza juu ya kodi, nafaka, madeni na mapatano na Roma, mambo ambayo Cleopatra aliyashughulikia kila siku ya utawala wake. Hiyo ndiyo hatari iliyoelezwa katika makala haya. Mtawala mwanamke akiletwa katika sinema, mjadala hushikamana na mwili wake: rangi yake, uzuri wake, wapenzi wake, upanga wake.

Dawa yake ni ya kawaida. Mtunzi aanze na cheo: kinaitwaje, hupatikanaje, hunyang'anywaje, kinamlazimisha mwenye nacho kufanya nini. Mwigizaji ajifunze kuketi kabla ya kujifunza kupigana. Waliokandamizwa chini ya kiti waonekane. Na mtafsiri wa Kiswahili, kabla ya kuandika malkia, ajiulize kama neno hilo linasema cheo au linasema ndoa. Likisema ndoa, aliweke kando, amwite mtawala kwa jina ambalo watu wake walimwitia: Ngola, Sarraounia, Mwana, Nswan Murund.

Lugha ya Kiswahili haikumtenga mtawala mwanamke katika sarufi yake. Ingekuwa aibu ikiwa wasemaji wake wangemtenga katika tafsiri.